Kalibu na Mwanga: Uteuzi wa Polima za Chapa Zenye Nanochembe za Fluoresensi katika Kupima Aflatoksini ya Mahindi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna nanochembe zenye fluoresensi zinavyounganishwa na polima zenye chapa ya molekuli ili kupata kihisio kinachotambua kemikali moja na kuziacha nyingine. Mfano unaotumika ni aflatoksini B1 katika mahindi. Hoja inayojengwa ni kwamba kupungua kwa mwanga peke yake si ushahidi wa uteuzi. Uteuzi ni kazi ya polima na mwanga ni kazi ya nanochembe, na kila kimoja kinahitaji kuthibitishwa kwa jaribio lake. Makala yanaonyesha pia, kwa hesabu fupi, kwa nini kihisio kinachong'ara katika myeyusho safi wa maabara kinaweza kushindwa kabisa kwenye kiwango kinachotajwa na sheria ya chakula.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Uchunguzi ulifikia sumu inayozalishwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo sumu ikaitwa aflatoksini. Aina zake kuu nne zilipewa herufi B na G, ambazo ni herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya rangi ya buluu na kijani, kwa kuwa hizo ndizo rangi zinazotokea sumu hiyo inapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kwa hiyo aflatoksini ilipewa majina yake kwa fluoresensi yake yenyewe. Jambo hilo dogo la kihistoria lina uzito katika sehemu ya nne ya makala haya.

Katika Afrika Mashariki sumukuvu hii si suala la maabara tu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, waliripotiwa wagonjwa 68 na vifo 20. Mbali na vifo vya ghafla, ulaji wa kiasi kidogo kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini zote, na mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1 pekee.

Mikrogramu tano katika kilo nzima ya mahindi ni kiasi kidogo mno. Kromatografia ya kimiminika hukipima kwa uhakika, lakini mashine yake hukaa mjini, hudai viyeyushi safi na fundi aliyefunzwa, huku mahindi yakiwa ghalani kijijini. Vijiti vya kupimia vinavyotumia kingamwili ni vyepesi kubeba, ila kingamwili hutengenezwa kwa kutumia wanyama na ni protini, hivyo huharibika kwa joto. Pengo hilo ndilo linalowavuta watafiti kwenye polima za chapa.

2.0 Chapa ndani ya polima

Wazo lenyewe si geni kwa yeyote aliyewahi kumwona mhunzi akitumia kalibu. Kitu kinachotakiwa huwekwa kwanza, mada laini hukizunguka na kugandishwa, kisha kitu hicho hutolewa na umbo lake hubaki. Katika kemia, kitu kinachowekwa ni molekuli, nayo huitwa kiolezo. Mada inayokizunguka ni monoma zenye sehemu zinazoweza kushikana na kiolezo kwa vifungo vya haidrojeni, kwa chaji au kwa mvutano wa sehemu zisizopenda maji. Baada ya kufungamanishwa kwa kiungo kinachokaza minyororo ya polima, kiolezo huoshwa kikatoka na kuacha tundu lenye umbo lake na, muhimu zaidi, lenye mpangilio wa vishikio vinavyolingana nacho.

M. V. Polyakov aliripoti tabia ya namna hii katika silika mwaka 1931, na Frank Dickey akaipata tena mwaka 1949 kwa silika iliyogandishwa pamoja na rangi. Polima za kikaboni zilifuata mwaka 1972 kupitia kazi ya Günter Wulff na Ali Sarhan nchini Ujerumani, waliofunga kiolezo kwa vifungo vya kovalenti. Klaus Mosbach na wenzake wa Lund, Sweden, walionyesha kuanzia mwaka 1981 kwamba vifungo hafifu visivyo vya kovalenti vinatosha. Mwaka 1993 kundi hilo lilichapisha katika jarida la Nature kipimo cha teofilini na diazepamu kilichotumia polima ya chapa mahali pa kingamwili. Tangu hapo polima hizi zimekuwa zikiitwa kingamwili za kubuniwa. Jina hilo linapendeza kuliko linavyostahili: kingamwili za aina moja hufanana zote, ilhali matundu ya polima moja hutofautiana, mengine yakiwa mazuri, mengi yakiwa ya wastani, na baadhi yakiwa yamezibwa kabisa ndani ya punje ya polima.

Kutofautiana huko ndiko kunakolazimisha kuwapo kwa polima linganishi, yaani polima iliyotengenezwa kwa njia ileile bila kiolezo. Uwiano wa kiasi kinachonaswa na polima ya chapa kwa kile kinachonaswa na polima linganishi huitwa kipeo cha chapa. Kipeo kikubwa huonekana kuwa habari njema, lakini hakina maana ikiwa polima mbili hizo zina ukubwa wa punje tofauti, eneo la uso tofauti au idadi tofauti ya nanochembe ndani yake. Tasnifu inayotoa kipeo cha chapa bila kuonyesha kwamba mambo hayo matatu yamelinganishwa imetoa namba tu.

3.0 Kiolezo huamua swali

Kutumia aflatoksini B1 yenyewe kama kiolezo kuna shida tatu. Ni sumu kali kwa mtafiti na ni ghali. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: kiolezo hakioshwi chote. Mabaki yake hujificha katika matundu ya ndani na kuvuja polepole wakati wa kupima. Kwa kihisio kinachotafuta nanogramu, mabaki hayo yanatosha kuonyesha sumu katika mahindi yasiyo na sumu.

Suluhisho lililozoeleka ni kiolezo mbadala, yaani molekuli inayofanana na sumu bila kuwa sumu hiyo. Kwa aflatoksini, 5,7-dimethoksikumarini imetumika mara nyingi. Hupatikana katika mafuta ya maganda ya ndimu, bei yake ni ya chini, na hata ikivuja haihesabiwi kuwa aflatoksini katika kromatografia. Inafanana na sehemu ya kumarini iliyo katikati ya molekuli ya aflatoksini.

Hapo ndipo uamuzi wa kemia unapogeuka kuwa uamuzi wa kisheria. B1 na B2 zinatofautiana kwa kifungo maradufu kimoja tu katika pete ya furani iliyo pembeni, yaani kwa atomu mbili za haidrojeni. G1 na G2 zinatofautiana na B1 na B2 katika pete ya upande wa pili. Sehemu ya kumarini ni ya zote nne. Tundu lililochongwa kwa 5,7-dimethoksikumarini, kwa hiyo, halina namna ya kuitofautisha B1 na dada zake. Linaitambua familia, si mtu. Kihisio cha aina hiyo kinaweza kujibu swali la mikrogramu 10 za jumla. Swali la mikrogramu 5 za B1 pekee hakiwezi kulijibu, hata kama grafu zake zimechorwa kwa B1 peke yake. Mara nyingi jambo hili huandikwa kama udhaifu wa kiolezo mbadala, lakini si udhaifu. Ni kihisio kizuri kilichoulizwa swali lisilo lake, na njia ya kulirekebisha ni kubadili kichwa cha tasnifu kabla ya kubadili polima.

4.0 Mwanga na namna unavyozimwa

Polima yenyewe hainaswi jicho. Inahitaji kitu cha kutangaza kwamba tundu limejaa. Kazi hiyo hupewa nanochembe zenye fluoresensi. Nukta za kwanta, ambazo Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walizipatia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023, ni fuwele za nusu-kipitishi zenye upana wa nanomita chache, na rangi ya mwanga wake hufuata ukubwa wake. Nyingi zilizo nzuri zina kadimiamu, metali ambayo si busara kuipeleka kwenye ghala la chakula. Nukta za kaboni, zilizogunduliwa mwaka 2004 wakati wa kusafisha masizi ya mirija ya kaboni, hazina metali hiyo na hutengenezwa kwa urahisi: asidi ya sitriki na ethilenidiamini huchemshwa katika chombo kilichofungwa, na buluu kali hupatikana.

Urahisi huo una mitego miwili. Kwanza, sehemu kubwa ya buluu hiyo inaweza kutoka kwenye molekuli ndogo zenye fluoresensi zinazozaliwa katika mchemko huohuo, wala si kwenye nukta zenyewe. Zisipoondolewa kwa dialisisi ya muda wa kutosha, huvuja kutoka kwenye polima na mwanga hupungua bila sumu yoyote kuwapo. Pili, nukta hizo husisimuliwa kwenye nanomita 360 hivi na kutoa mwanga kwenye nanomita 440 hivi. Aflatoksini B1 nayo hufyonza karibu na nanomita 360 na kutoa buluu katika eneo lilelile. Mtafiti anayetumia nukta za kaboni za buluu kupima sumu iliyopewa jina kwa sababu ya ubuluu wake amechanganya sauti ya shahidi na sauti ya mshtakiwa. Nukta zinazotoa rangi ya chungwa au nyekundu humwepusha na mkanganyiko huo.

Baadhi ya tasnifu husema kwamba mwanga hupungua kwa sababu nishati huhamishwa kutoka kwenye nukta kwenda kwenye sumu. Uhamisho wa aina hiyo unahitaji umbali usiozidi takriban nanomita 10, na unahitaji pia kwamba mpokeaji afyonze mwanga katika urefu wa wimbi ambao mtoaji anautoa. Aflatoksini B1 hufyonza kidogo sana juu ya nanomita 400. Haiwezi kupokea nishati ya nukta inayotoa mwanga wa nanomita 600, kama vile maji yasivyopanda mlima. Maelezo yanayobaki ni uhamisho wa elektroni, ambao hudai ukaribu zaidi na hivyo ganda jembamba la polima, au kutokea kwa mchanganyiko usiotoa mwanga kwenye uso wa nukta, au jambo la tatu ambalo halihusiani na tundu hata kidogo.

Jambo hilo la tatu ni athari ya kichujio cha ndani. Sumu iliyo katika myeyusho hufyonza mwanga wa kusisimua kabla haujazifikia nukta. Nukta zinabaki zima, ila zimewekwa kivulini. Ukubwa wa athari unakadirika. Kigawo cha ufyonzaji cha aflatoksini B1 kwenye nanomita 360 ni takriban 22,000 kwa mol kwa lita kwa sentimita. Kwa ukolezo wa mikromol 10 kwa lita katika kopo la kupimia la sentimita 1, ufyonzaji ni 0.22. Mwanga unaopimwa katikati ya kopo hupungua kwa takriban asilimia 22 bila molekuli hata moja kushikwa na polima. Polima linganishi nayo itaonyesha upungufu huohuo.

Mlinganyo wa Stern na Volmer wa mwaka 1919, F0/F = 1 + K[Q], hautambui chanzo cha upungufu. Hupata mstari ulionyooka kwa kivuli kama unavyoupata kwa mgusano wa kweli. Hata hivyo kuna namna ya kuuhoji. K ikigawanywa kwa umri wa hali ya msisimko hutoa kasi ya mgongano. Tuseme K ni 100,000 kwa mol kwa lita na umri ni nanosekunde 5: kasi inayopatikana ni 2 × 10^13, wakati mgongano wa kawaida katika kimiminika hauzidi sana 10^10. Hakuna molekuli inayoogelea kwa kasi hiyo. Uzimaji huo si wa mgongano. Ama sumu imeshikwa tayari kabla nukta haijasisimuliwa, ama ni kivuli.

Kuyatenganisha hayo mawili kunahitaji jaribio jepesi ambalo linafaa kuwa desturi. Nukta zinazoweza kusisimuliwa kwenye nanomita 450 zisisimuliwe huko, ambako aflatoksini haifyonzi. Upungufu ukitoweka, kilichokuwa kikipimwa ni kivuli. Ukibaki, kuna mgusano. Pale ambapo nukta hairuhusu mabadiliko hayo, F inayopimwa hurekebishwa kwa kuzidishwa kwa 10 iliyopandishwa kwa nusu ya jumla ya ufyonzaji kwenye urefu wa wimbi wa kusisimua na ule wa kutoa.

Marekebisho hayo hayapaswi kuogopwa. Chukua mfano wa kubuni ambamo, kwenye mikromol 10, F0/F ni 1.90 kwa polima ya chapa na 1.40 kwa polima linganishi. Kipeo cha chapa kinachokokotolewa kutokana na 0.90 na 0.40 ni 2.25. Kila thamani ikigawanywa kwa 1.29, ambayo ndiyo sehemu ya kivuli, zinabaki 1.47 na 1.09, na kipeo kinakuwa zaidi ya 5. Kivuli kiliongeza namba zote mbili kwa pamoja na kuuficha uteuzi uliokuwapo. Mara hii ukweli ulimfaa mtafiti.

5.0 Kutoka myeyusho hadi mahindi

Ni kawaida kusoma kwamba kihisio fulani kina mstari ulionyooka katika eneo la mikromol na kwamba kikomo chake cha utambuzi, kilichopatikana kwa kuzidisha mkengeuko sanifu wa sampuli tupu mara tatu na kugawanya kwa mteremko, kiko chini ya kiwango cha sheria. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini madai hayo yanastahili kusomwa polepole.

Gramu 5 za unga wa mahindi wenye mikrogramu 5 za B1 kwa kilo zina nanogramu 25 za sumu. Zikitolewa kwa mililita 25 za methanoli yenye maji, ukolezo ni mikrogramu 1 kwa lita. Uzito wa mol moja ya B1 ni gramu 312, kwa hiyo ukolezo huo ni nanomol 3.2 kwa lita. Kwa K ya 100,000, F0/F inakuwa 1.0003. Mabadiliko ya sehemu tatu katika elfu kumi hayaonekani katika kifaa cha kawaida, sembuse kifaa cha mkononi chenye taa inayopepesa. Ili mwanga upungue kwa karibu asilimia 5, K ingepaswa kufikia milioni 16.

Kuna njia ya kupunguza pengo hilo, nayo ni kuitumia polima kwanza kama mtego na baadaye tu kama kihisio. Mililita zote 25 hupitishwa katika polima ya chapa, kisha sumu hutolewa katika nusu mililita. Ikinaswa yote na kutolewa yote, ukolezo hupanda mara 50 hadi nanomol 160. Kwa K ya milioni moja mwanga hupungua kwa takriban asilimia 14, kiasi ambacho kifaa cha bei nafuu kinaweza kukiona. Hatua hii humaanisha muda zaidi na viyeyushi zaidi, na sehemu ya wepesi uliotafutwa hupotea. Ni afadhali wepesi huo upotee hadharani, katika sura ya mbinu, kuliko kupotea ghalani.

Mchujo wa mahindi pia si methanoli tupu. Una asidi ya feruliki, ambayo hufyonza urujuanimno na kung'ara buluu. Mahindi ya njano yana lutini na zeaksanthini, zinazofyonza kuanzia nanomita 400 hadi zaidi ya 480. Kusogeza mwanga wa kusisimua hadi 450, kama ilivyopendekezwa hapo juu, kunakwepa aflatoksini na kuangukia kwenye rangi hizo. Mahindi meupe yanayoliwa zaidi katika Afrika Mashariki yana rangi hizo kwa uchache, na hilo ni nafuu kwa mtafiti wa hapa. Lakini lina upande wake wa pili: kihisio kilichothibitishwa kwa mahindi ya njano hakijathibitishwa kwa meupe, wala kinyume chake. Mstari wa ulinganishi unapaswa kuchorwa ndani ya mchujo wa mahindi yaleyale yasiyo na sumu.

Majaribio ya uteuzi nayo hufanywa mara nyingi kwa namna inayoupendelea uteuzi. Aflatoksini hupimwa peke yake, kisha okratoksini peke yake, kisha zearalenoni peke yake, na nguzo za grafu zinasimama, moja ndefu na nyingine fupi. Katika punje halisi sumu hizo huishi pamoja. Fumonisini inaruhusiwa hadi miligramu 2 kwa kilo, yaani mara 400 ya kiasi cha B1. Swali la uteuzi ni kama B1 bado inasikika pale mwenzake alipo mara 400 zaidi, na hilo hujibiwa kwa kuzichanganya katika kopo moja kwa uwiano huo.

Lipo jambo la mwisho kuhusu sampuli. Mahindi yaliyotiwa sumu maabara yana sumu juu ya uso wa unga, ambako methanoli huifikia mara moja. Kiwango cha urejeshaji cha asilimia 95 hakishangazi. Katika mahindi yaliyoota kuvu shambani, sumu iko ndani ya punje, na punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Punje hizo zisipoingia katika gramu 5 zinazopimwa, kihisio kitasema kweli kuhusu unga na kulikosea gunia. Kwa hiyo angalau sehemu ya uthibitisho ifanywe kwa mahindi yaliyochafuka yenyewe, yaliyosagwa kwa kilo na kuchanganywa vizuri kabla ya kugawanywa, nusu ikipimwa kwa kihisio na nusu kwa kromatografia, bila anayesoma kihisio kujua matokeo ya upande wa pili.